Mwaka Mama Aliposhinda Kufikicha Pilipili

Jirani yangu wa chini ni mtu mwema, lakini ana tabia moja inayonikosesha raha. Hukaanga pilipili zake mchana, watu wamejilaza. Harufu hupanda ngazi, ikapita chini ya mlango na kunikuta kitandani. Yeye husikia ninakohoa na kufunga madirisha, na jioni huniletea kibakuli cha achari kuniomba radhi, maana amekwisha kuamini kuwa nina pumu. Mimi hupokea, humshukuru, na akishateremka humwaga. Sina pumu. Nyinyi wa rika langu mliokulia katika vichochoro hivi mnawakumbuka wanawake wa zamani na wazimu wao wa pilipili, na najua mkikutana mnacheka mpaka mbavu zikauma. Nami nawakumbuka. Niacheni nieleze kwa nini huwa sicheki.

Siku hizi ukitaja Siku ya Mwaka, ule mwaka mpya wa Waswahili, watu hufikiria Makunduchi tu, kana kwamba sisi wa mjini hatukuwa na Mwaka wetu. Tulikuwa nao. Alfajiri watu walikwenda pwani kukoga, majivu ya mekoni yakatupwa, na kila nyumba ikapika kwa uwezo wake. Alasiri wanawake wa mtaa wetu wa Sokomuhogo walikutana na wanawake wa mtaa wa Malindi kwenye kiwanja kimoja nyuma ya nyumba kubwa iliyohamwa, kila chama na masufuria yake. Palikuwa na wali, samaki wa kupaka, mikate ya kumimina, lakini hivyo vyote vilikuwa kisingizio. Walichokijia ni pilipili. Achari za ndimu, achari za embe mbichi, chatne za nazi, pilipili za kusaga na ukwaju. Walionja, wakakunja nyuso, wakatukanana kwa mafumbo, wakaonja tena. Mwanamke aliyeomba maji alichekwa mpaka Mwaka mwingine.

Na mwisho wake palikuwa na kufikicha. Kila chama kilitoa mwanamke mmoja. Walikaa chini juu ya jamvi, uso kwa uso, kila mmoja na kibia cha udongo kilichojaa vile vipilipili vidogo vyekundu, chumvi ya mawe na ndimu zilizokatwa. Walivifikicha kwa mikono mitupu mpaka vikawa uji, na bado wakaendelea. Katikati yao liliwekwa bakuli la mafuta ya nazi. Aliyetangulia kutia mkono ndani ya mafuta alikuwa ameshindwa, na chama chake kiliosha masufuria ya chama cha pili mbele ya macho ya mji mzima. Kama hujapata kufikicha pilipili kwa mkono, usidhani ni jambo la mchezo. Mwanzoni huhisi kitu. Kisha moto unaanza katikati ya vidole, unaingia chini ya kucha, na unalala nao mpaka kesho yake.

Mama yangu alikuwa mtu wa Kiwengwa. Vipilipili vile viliota upande wa kwao, kwenye uwanda wa mawe, na utoto wake wote alikuwa akivichuma na kuvileta mjini kuuzwa. Zuhura ndilo jina lake. Aliolewa na baba, ambaye alikufa kabla sijaweza kuihifadhi sura yake, na baada ya hapo tukabaki na Bibi, mama yake baba, katika nyumba ndefu ya watu waliopata kuwa na mashamba ya karafuu. Mama aliingia katika chama kwa kupenda pilipili, lakini kwa kufikicha hakuwa lolote. Nakumbuka mwaka mmoja alijaribu nyumbani kwa mzaha, na haukupita muda akakimbilia mafuta, mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, anacheka na kulia pamoja. Mimi nilikaa mbele yake nikampulizia vidole, kimoja kimoja, na kila nikimaliza kimoja alikipeleka mdomoni mwangu nikibusu. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyompenda kupita zote.

Basi ukaja ule mwaka mwingine. Matayarisho yalifanyika darini kwetu, juu kwenye sakafu ya wazi, kwa sababu dari yetu ilipata jua tangu asubuhi. Majamvi yalitandikwa, pilipili zikaanikwa, na sisi watoto tukaonywa tusijifikiche macho. Mkubwa wa chama alikuwa Bi Mwanaisha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, na hakuna siku iliyopita hajapanda kuja kukagua. Siku moja wanawake walikuwa wanaponda pilipili kwenye vinu, wanasogoa, na mama alikuwa na kibia chake pembeni anafikicha kwa mkono. Wote wakaona kwamba mama anazungumza na hasiti.

"Zuhura, hebu lete mkono," alisema Bi Mwanaisha. Akauinua, akautazama, ukiwa mwekundu kwa uji wa pilipili. "Haikuwashi?"

"Inawasha kidogo," alijibu mama.

"Kidogo, anasema. Jamani mmemsikia? Ati kidogo. Basi mwaka huu Malindi wataosha masufuria yetu mpaka chini."

Walicheka sana, wakampiga mama mabegani, na pale pale akachaguliwa. Mama naye alicheka. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, na hakuinua kichwa.

Tangu siku ile mama alijifua, au sisi tuliita kujifua. Kila ikipita sala ya alasiri alikaa uani na kibia chake. Kila siku alizidisha pilipili, akazidisha chumvi, akazidisha ndimu. Alitumbukiza mikono, akafumba macho, akatulia kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni ngazini. Wanawake wa chama walikuja kumtazama na kuondoka wamefurahi. Mimi nilikaa juu ya ngazi na kumngoja amalize.

"Mama, nsogee?"

"Kaa huko huko. Mikono ina pilipili."

Hiyo ndiyo ikawa kauli yake. Mikono ina pilipili, kwa hiyo hakunisuka tena nywele, akanisuka Bibi, ambaye alivuta kwa nguvu. Mikono ina pilipili, kwa hiyo tonge alizokuwa akinimegea zikaisha, na yeye akala kwenye sahani yake mwenyewe, pembeni, akaiosha mwenyewe na kuiweka peke yake. Nikalazwa na Bibi. Nikaogeshwa na Bibi. Nikiamka na ndoto mbaya nilimuona mama amesimama kizingitini na taa, ananiuliza nina nini, na haingii. Mimi nikajieleza kwa akili yangu ya kitoto kwamba kufikicha kunamtaka mtu mzima mzima, na kwamba mashindano yakiisha nitarudishiwa mama yangu. Mkitaka kujua mtoto anaweza kuutamani ushindi kiasi gani, basi jueni mimi nilikuwa nikiswali na Bibi, na kila nikiinua mikono niliomba kitu kimoja tu, Malindi washindwe.

Siku moja mama alikuwa anapika, ameegemeza mkono karibu na seredani ya makaa, na mimi nikasikia harufu. Nikamwambia, "Mama, unaungua." Aliutazama ule mkono taratibu, akauona, akaushusha mkono wa kanzu yake juu ya kidonda na kuendelea kukoroga mchuzi. Nilijaa fahari. Nilijisemea kuwa sasa hata moto umemshindwa, sembuse huyo bingwa wa Malindi. Nilimkimbilia Bibi nikamuuliza Mwaka utafika lini.

"Unakuja, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Usiuhimize."

Ukafika. Kiwanja kilijaa mpaka watoto wakapanda ukutani. Bingwa wa Malindi alikuwa Bi Salama, mwembamba, mkavu, ambaye watu walisema hajapata kushindwa tangu alipokuwa mwari. Alikaa, akakunja mikono ya kanzu, akamtazama mama kwa huruma ya mtu anayejua atashinda. Kibia cha mama kilikuwa na pengo ukingoni, kimemeguka njiani wakati wa kubebwa, lakini mama alisema kitafaa hicho hicho.

Walianza. Mwanzoni wote wawili walikuwa kimya. Kisha Bi Salama akaanza kuimba kwa pua, kisha machozi yakamtoka, kisha midomo ikamtetemeka. Mama alikuwa amefumba macho na hakuna kilichobadilika usoni pake. Wanja alioupaka kwenye nyusi, ambao siku hizo aliupaka kwa wingi sana, ulikuwa umeyeyuka kidogo kwa jua. Nilisimama mbele kabisa nimeshika kanga ya Bibi. Bi Salama akatoa sauti ambayo mpaka leo siwezi kuieleza, akatumbukiza mikono yote miwili kwenye mafuta.

Vigelegele vilipasua kiwanja. Wanawake wetu wakarukaruka, wakarusha kanga juu. Na mama alikuwa bado anafikicha.

"Basi, Zuhura," alisema Bi Mwanaisha. "Tumeshinda."

Mama aliendelea, kwa nguvu zaidi, macho bado amefumba, midomo inakwenda.

"Basi, shoga yangu, basi." Bi Mwanaisha akainama, akamshika kifundo cha mkono, akaunyanyua.

Kiganja kilikuwa kimepasuka. Lile pengo la kibia lilikuwa limekikata kutoka kwenye kidole cha mwisho mpaka karibu na gumba, mkato mrefu uliofunguka, na ndani yake mmejaa pilipili, chumvi na ndimu. Damu ilikuwa inateremka mpaka kwenye kiwiko. Mama akafumbua macho akautazama mkono wake pamoja na sisi, na nadhani aliuona wakati mmoja na sisi. Vigelegele vilikatika mbele kwanza. Nyuma, ambako watu hawakuona, viliendelea kidogo, kisha navyo vikafa.

Bi Salama, mikono yake bado imo ndani ya mafuta, alisema polepole, "Mwanamke huyu haumwi."

Bi Mwanaisha aliuachia mkono wa mama, akajifuta viganja vyake kwenye kanga, akajifuta tena, akageuza upande mwingine wa kanga akajifuta. Nilidhani pilipili zimemwasha, na nikacheka, kwa kuwa mtu mkubwa kama yeye ameshindwa na pilipili zilizobaki kwenye mkono wa mama yangu. Kisha nikakimbia. Mashindano yamekwisha, tumeshinda, nilikuwa nakwenda kuchukua changu.

Mama alisimama haraka, akaificha mikono yake ndani ya kanga, akarudi nyuma.

"Usinijie," alisema. "Mama, mzuie."

Yule "mama" alikuwa Bibi, mkwewe. Akanishika begani. Nililia mbele ya watu wote na hakuna aliyenibembeleza. Chakula cha chama chetu hakikuliwa. Wanawake wa Malindi wakakusanya vitu vyao na kuondoka bila kuaga, na ingawa wao ndio walioshindwa, hakuna aliyeyagusa masufuria yetu. Wetu wenyewe pia hawakuyagusa. Bibi ndiye aliyeyarudisha yale yaliyokuwa yetu, akiyabeba moja moja, na kibia kilichomeguka akakitupa.

Asubuhi yake Bi Mwanaisha alikuja. Safari hii hakuita tangu chini. Alikaa na Bibi chumbani, mama akakaa karibu na dirisha mbali nao, nami nikaambiwa nikacheze. Nilisimama nyuma ya mlango.

"Umejua tangu lini?" aliuliza Bi Mwanaisha.

"Tangu kipupwe cha mwaka jana," alisema mama. "Vidole vya mwisho kwanza. Kisha kiganja."

"Na hukusema."

"Nseme nini, Bi Mwanaisha? Nlitaje kwa mdomo wangu?"

"Na ukakaa ukafikicha mbele ya watu."

"Nlidhani zitawasha," alisema mama. "Siku ile darini nlipoona haziwashi, nkasema zitakuwa chache. Nkazidisha. Kila siku nkizidisha. Nkasema leo zitawasha, nkasema kesho. Nkasema zile za Mwaka ni nyingi, na chumvi, na ndimu, hizo haziwezi kunikosa."

Nilimsikia Bi Mwanaisha akilia, na sikuwahi kujua kuwa mtu wa sauti kubwa vile anaweza kulia kwa sauti ndogo. Ndipo nilipoanza kuogopa. Alipotulia akauliza, "Na mtoto?"

"Sijamshika," mama alisema mbio mbio. "Muulize mama hapa. Sijamshika, sijalala naye, sijala naye. Wallahi sijamshika."

Aliapa kama mtu anayesingiziwa wizi. Mimi nyuma ya mlango nilielewa kwamba kunishika mimi ni kosa, kwamba mimi ndiye mwenye uchafu, na mama anajitetea asije akahesabiwa pamoja nami. Nilijitazama mikono. Nilijinusa.

"Ana baka mkononi," alisema Bibi. "Jeupe. Limetokea mwezi huu."

"Huo utangotango tu, Bi mkubwa. Watoto wote wanao."

"Labda. Lakini mimi nataka kujua. Kama na yeye anayo, watakwenda pamoja."

Nje ya mji palikuwa na mahali walipowekwa wenye maradhi yale yanayofisha ngozi na kula vidole. Wengi wenu mnapajua, na wengi wenu mna mtu wenu ambaye hamkutajiwa jina lake. Mama alikaa huko mpaka akafa, na sikupelekwa hata mara moja kumuona. Niliambiwa kuwa yuko kwao, Kiwengwa, na nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kuchumbiwa, nilipopata ukweli, na hata hapo niliupata kwa sababu ndugu wa mchumba walikuwa wamekuja kuuliza. Uchumba ule uliishia hapo hapo. Lakini asubuhi ile sikujua lolote katika hayo. Katika maneno yote yaliyosemwa chumbani mimi nilishika mawili tu, watakwenda pamoja.

Bibi akaniita.

"Naam."

"Njoo, mjukuu wangu. Njoo ukae hapa."

Nikaingia nikamwamkia Bi Mwanaisha, shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mama alikuwa amehamia mwisho wa chumba, mgongo ukutani, na miguuni pake niliona furushi limekwisha kufungwa. Bibi aliukunjua mkono wa kanzu yangu. Lile baka lilikuwa juu kidogo ya kiwiko, dogo, na yeye akalikwaruza kwa ukucha mpaka ngozi ikaamka, kisha Bi Mwanaisha akachovya kidole katika kikombe kilichokuwa mkononi mwake na kunipaka pilipili zilizofikichwa.

"Ukisikia moto, sema," Bibi aliniambia.

Mimi nilikwisha kuamua. Mtu asiyewashwa ni mwenzake mama, na mwenzake mama anakwenda na mama. Lilikuwa jambo wazi kabisa. Nilichotakiwa kufanya ni kile alichofanya yeye kiwanjani, nikae, nifumbe macho, nisisogeze uso.

Moto ulianza. Mwanzoni ulikuwa kama mchanga wa pwani saa sita, kisha ukachimba.

"Unasikia?" aliuliza Bi Mwanaisha.

"Sisikii."

Wakatazamana. Akachovya tena, akapaka zaidi, akasugua. Nilibana meno. Nilihisi machozi yakipanda nikayameza, na nikajaribu kufikiria kitu kingine, nikafikiria safari yetu, sijui kwa nini niliona kwamba itakuwa na punda.

"Na sasa?"

"Sisikii kitu."

Bibi aliuondoa mkono wake begani mwangu, akasema, "Ya Rabbi, na huyu," akafunika uso kwa ukaya wake. Bi Mwanaisha alikiweka kikombe chini.

Ndipo mama aliposogea. Alikuja mpaka karibu nami, karibu kuliko alivyopata kuja tangu aanze kujifua, akachuchumaa, mikono imefichwa ndani ya kanga. Nilimuona uso wote. Hakuwa amepaka wanja, na nyusi hakuwa nazo kabisa. Chini ya macho ngozi ilikuwa imenenepa.

"Nitazame," alisema.

"Naam, mama."

"Kweli husikii? Hata kidogo?"

Nilitaka kusema sisikii. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini niliyaona macho yake na jinsi yalivyokuwa yananisihi, na nikayadhania ni hasira, nikadhani amekwisha kujua kuwa namdanganya. Na mkono ulikuwa unaungua. Nilikuwa mtoto mdogo, jamani, na mkono ulikuwa unaungua.

"Inawasha," nikasema. "Mama, inawasha. Inawasha sana." Na kilio chote kikatoka kwa pamoja.

Mama aliinuka akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu, peke yake, kichwa amekiinua juu, na wale wengine wawili hawakumwitikia. Nikalia zaidi, kwa sababu nilijua nimeshindwa, na nilimuona yeye amefurahi. Bibi alikuwa tayari ameleta mafuta na kunikalisha mapajani anipake. Mama akalipachika furushi lake kwapani, akasema, "Mpulizie, mama, atapoa," akatoka. Nilimsikia akiteremka ngazi, bado anacheka, mpaka mlango mkubwa ukafungwa.